Kitenge cha ndani na kitenge cha meli: nimevishona vyote viwili

Nianze na jibu, maana wateja wangu hawapendi kuzungushwa. Kwa gauni la kuvaa mara kwa mara, shati la mwanaume, sare ya kwaya au ya kikoba, nunua kitenge cha pamba kilichofumwa na kuchapwa hapa nchini, hata kama kimezidi kwa elfu sita na kidogo. Kwa pazia, kitambaa cha meza, mfuko wa sokoni au bitana ya begi, kile cha bei rahisi kinachoshushwa bandarini, tunachokiita cha meli, kinatosha kabisa. Na kwa serikali, ambayo kila msimu wa bajeti inasikia kelele za wenye viwanda upande huu na za wenye maduka upande ule, nina neno langu kama fundi: nguo zinazomwagwa kwetu kwa bei ya kuua viwanda ziwekewe ushuru wake maalumu, lakini ushuru huo ukae kwenye nguo iliyokwisha kuchapwa. Usiguse uzi, usiguse rangi, usiguse kitambaa cheupe ambacho kiwanda cha hapa kinakihitaji ili kichape.

Ninashona Mwananyamala, chumba kimoja, vyerehani vinne na ovaloku moja. Kazi yangu kubwa ni magauni ya vitenge, sare za sendofu na kicheni pati, kwaya, na mashati ya akina baba. Wateja wengi huja na kitambaa chao mkononi. Ndiyo maana mambo ya ushuru yananihusu kuliko watu wanavyodhani: kitambaa kikipauka au mshono ukiachia, gauni halirudishwi kwa muuzaji wala kwa aliyefuma, linarudishwa kwangu. Kuna kwaya moja ya hapa Kinondoni waliniletea vitenge vya sare walivyonunua kwa jumla, rangi nzuri ya zambarau yenye maua ya njano. Kabla mwaka haujaisha kola zote zilikuwa zimepauka na kwapani pamebaki weupe. Mama mwenyekiti wa kwaya ni mtu wa heshima, hakunigombeza, lakini kila akisimama mbele kuimba mimi nilikuwa naona kazi yangu imeharibika kwa kitambaa ambacho sikukichagua.

Basi nikanunua vitenge viwili kwa pesa yangu, nikavishona mshono mmoja, nikavipa maisha yaleyale.

Nilinunua Mtaa wa Uhuru, katika yale maduka yanayoanzia upande wa Mnazi Mmoja kuingia Kariakoo. Duka silitaji, maana ninachosema juu yake kinafaa kwa maduka mengi ya mtaa ule. Huduma ilikuwa nzuri. Kijana wa dukani alinipa kiti, akafungua jora baada ya jora bila kununa, na nilipoomba kutoka na kitambaa nje nikione juani hakunifuata kwa macho ya wasiwasi. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu taa za madukani zinabadilisha rangi, na bluu uliyoipenda ndani inaweza kuwa kijani ukifika kituoni. Risiti ya EFD alitoa bila kuombwa. Alipopungukiwa ni kwenye maelezo. Nilimuuliza, "Kaka, hiki ni pamba?" Akanijibu, "Hicho wax kabisa, dada, mafundi wote wanachukua hicho." Wax ni namna ya kuchapa rangi, haikuambii kitambaa kimefumwa kwa nyuzi za nini. Mimi niliuliza nyuzi. Kijana hakuwa na nia mbaya, hajui tu, na aliyemuuzia bosi wake hakumwambia.

Cha kwanza kilikuwa cha ndani: jina la kiwanda na nchi limechapwa pindoni, bei 19,500 kwa kipande cha yadi 6. Cha pili kilikuwa cha meli: 13,000 kwa kipande kilichoandikwa yadi 6, na pindoni pameandikwa kwamba ni pamba asilimia 100.

Nilipofika chumbani nikatoa tepu. Cha ndani kilitimia yadi 6 na inchi kama mbili za ziada. Cha meli kilikuwa yadi tano na nusu. Nusu yadi si kitu kidogo kwa fundi. Ni mikono miwili ya gauni, au kilemba, au ile nafasi ya kulinganisha maua ubavuni yasikatwe katikati.

Kisha moto. Hili jaribio kila mtu anaweza kulifanya nyumbani, ila shika uzi kwa koleo na uweke beseni la maji karibu. Unachomoa nyuzi chache kutoka ukingoni, unazisogeza kwenye mshumaa. Nyuzi za cha ndani ziliwaka moto wa njano, harufu ya karatasi, zikaacha majivu laini yanayopeperuka ukipuliza. Nyuzi za cha meli zilijikunja kukimbia moto, zikayeyuka, zikaacha kitone cheusi kigumu ambacho kucha haikivunji, na chumba kikanuka plastiki. Hiyo ni poliesta. Maneno ya pamba asilimia 100 pindoni yalikuwa uongo, na mtu aliyeyachapa alijua.

Kwenye maji mambo yalikuwa tofauti na watu wanavyosema. Niliviloweka mbalimbali kwenye maji baridi na sabuni ya mche, na kitambaa cheupe ndani ya kila beseni. Cha ndani kilitoa rangi mara ya kwanza, maji yakawa ya bluu. Mara ya pili kidogo. Baada ya hapo maji yakabaki safi. Cha meli hakikutoa rangi hata kidogo. Kama ningeishia hapo ningekipa ushindi. Lakini rangi yake imekaa juu tu: ukigeuza upande wa pili unakuta maua yamefifia, wakati cha ndani pande zote mbili zinakaribia kufanana. Rangi iliyokaa juu haiondoki kwa maji, inaondoka kwa kusuguana. Kwapani, kwenye kola, mahali mkanda wa begi unapopita begani, pale unapokalia. Baada ya kuvaliwa na kufuliwa kwa miezi kadhaa, gauni la meli lilikuwa na mistari myeupe kwenye kila mkunjo. La ndani lilipungua mng'ao, likabaki na rangi yake.

Cha ndani nacho kina ila, na wateja wangu nawaambia wazi. Kinasinyaa. Changu kilipungua karibu inchi moja na nusu kwa kila yadi. Ukikishona bila kukiloweka kwanza, gauni lililokufika kwenye kifundo cha mguu litapanda. Tena kinajikunja sana; ukikaa kwenye daladala kutoka Mwananyamala mpaka Kariakoo unashuka mgongo mzima una mikunjo. Cha meli hakijikunji, kinakauka haraka, na wakati wa masika, nguo zinapokaa kwenye kamba siku mbili bila kukauka, hiyo ni faida ya kweli.

Ila ni nani anavaa poliesta Dar es Salaam mwezi wa pili? Niliyemvalisha gauni la meli, mdogo wangu anayeuza chakula karibu na soko, alilivua kabla ya mchana. Joto la jiji letu lina unyevu. Kitambaa kisichonywa jasho kinakugandia mwilini na harufu inabaki hata baada ya kufua. Hapo hakuna mjadala.

Kwenye cherehani cha ndani kinatulia. Sindano namba 14, uzi wa kawaida, marinda yanashika ukiyapiga pasi ya moto. Cha meli kinateleza chini ya mguu wa cherehani, kinachanika nyuzi ukingoni hata kabla ya ovaloku, na kwa kuwa kimefumwa wazi, mshono wa makalio unaanza kuachia mtu akinenepa kidogo. Pasi ya moto wa pamba inakiunguza. Muda wangu wa kukishona ni mrefu zaidi na ujira ni uleule.

Sasa bei, ambako ndiko kwenye ugomvi wote. Ukigawa kwa yadi halisi, cha meli ni karibu 2,360 kwa yadi, cha ndani ni 3,250. Tofauti ni kama 890. Gauni la yadi tatu na nusu linakula tofauti ya 3,100 hivi. Ujira wangu wa gauni ni 25,000. Mteja anayeokoa 3,100 kwenye kitambaa na kunilipa 25,000 nimshonee nguo itakayopauka kabla ya mwaka, hajaokoa kitu. Hesabu hii ninaifanya mbele ya wateja kwa chaki juu ya meza, na wengi hubadilisha mawazo. Wengine hawabadilishi, kwa sababu elfu sita ya leo ndiyo nauli na mboga ya leo, na mimi sina haki ya kuwahukumu.

Lakini kwa nini cha meli ni rahisi hivyo? Nimelifikiria sana, na nadhani watu wanachanganya mambo manne.

La kwanza ni la halali: poliesta ni rahisi kuliko pamba, na kiwanda kikubwa kinachochapa usiku na mchana kinapunguza gharama kwa kila yadi. Huwezi kumwadhibu mtu kwa kuwa hodari. La pili ni uongo wa pindoni, poliesta kuitwa pamba, yadi tano na nusu kuitwa sita. Hiyo ni kazi ya Shirika la Viwango, ya Wakala wa Vipimo na ya Tume ya Ushindani, na haihitaji ushuru mpya wowote. Inahitaji mtu mwenye tepu na mshumaa. La tatu ni ankara za uongo, mzigo wa thamani kubwa kuandikwa thamani ndogo ili ushuru upungue. Hiyo ni ya Mamlaka ya Mapato. La nne ndilo lenyewe: kiwanda cha nje kuuza kwetu kwa bei ya chini kuliko kinavyouza kitambaa hichohicho kwao. Hilo ndilo linaloitwa kumwaga bidhaa, na hilo peke yake ndilo ushuru wa kuzuia umwagaji uliumbwa kulitibu.

Ulinzi wa kawaida tunao tayari. Khanga, kikoi na kitenge vimekuwa kwenye orodha ya bidhaa nyeti za Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani zile zinazolindwa zaidi, kwa ushuru wa asilimia 50. Tangu tarehe 1 Julai 2022 Jumuiya ina daraja la nne la ushuru, asilimia 35, na nguo nyingi zilizokamilika zimo humo. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 18. Viwango vya nchi moja moja hubadilika kwenye bajeti, lakini chukua hizo asilimia 50 na 18 tu: kila shilingi 100 ya thamani bandarini inakuwa 177. Kipande cha 13,000 kingelazimika kuwa na thamani chini ya 7,350 kikitoka melini, na hapo hujamlipa wakala wa forodha, gari, pango la Mtaa wa Uhuru wala yule kijana aliyenipa kiti. Bado toa faida ya wawili watatu walioko katikati. Kwa poliesta labda inawezekana. Kwa pamba kama ilivyoandikwa pindoni, haiingii kichwani mwangu.

Ushuru wa asilimia una udhaifu wake hapa, kwa kuwa unafuata ankara. Ankara ikidanganya, asilimia nayo inadanganyika. Ndiyo maana kwa mitumba Jumuiya iliweka asilimia 35 au dola 0.40 kwa kilo, chochote kilicho kikubwa. Kilo haidanganyi. Kwa vitenge ningependa kuona mkazo wa namna hiyo, kwa mita au kwa kilo, kuliko kuongeza asilimia juu ya asilimia.

Na tena asilimia 50 inampiga kila mtu sawa, anayemwaga na asiyemwaga, China, India, Uholanzi, wote. Ushuru wa kuzuia umwagaji ni tofauti: unamlenga aliyethibitika. Nimezisoma kanuni za Shirika la Biashara Duniani kwa sababu mteja wangu mmoja, wakala wa forodha, alinitolea nakala, na nakiri zimeandikwa kwa haki kuliko nilivyotarajia. Malalamiko lazima yaungwe mkono na viwanda vinavyozalisha angalau asilimia 25 ya bidhaa hiyo nchini, na wanaounga mkono wawe wengi kuliko wanaopinga kwa kipimo cha uzalishaji. Lazima ithibitishwe mambo matatu: kwamba bei ya kuuzia nje iko chini ya bei ya kwao, kwamba viwanda vya hapa vimeumia, na kwamba kilichoviumiza ni hicho na si uzembe wao wenyewe. Tofauti ya bei ikiwa chini ya asilimia 2, kesi inafungwa. Mzigo wa nchi inayolalamikiwa ukiwa chini ya asilimia 3 ya uagizaji wote wa bidhaa hiyo, kwa kawaida kesi inafungwa. Ushuru wa muda hauwekwi kabla ya siku 60 tangu uchunguzi kuanza, na uchunguzi usizidi miezi 18. Ushuru wenyewe unakoma baada ya miaka mitano, isipokuwa uchunguzi mpya uonyeshe kwamba bado unahitajika.

Kipo kifungu kimoja nilichokipigia mstari kwa kalamu nyekundu: kinasema wanaotumia bidhaa hiyo viwandani, na vyama vya walaji, wapewe nafasi ya kutoa maelezo. Hao ni sisi. Wenye viwanda wana shirikisho lao, wafanyabiashara wa Kariakoo tuliwaona Mei 2023 wakifunga maduka hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Mafundi wa cherehani hatuna anayetusemea, na sisi ndio tunaokata kitambaa.

Huko India wameshapita njia hii, na yaliyowapata yananifanya nisisitize juu ya uzi. India ni miongoni mwa nchi zinazotumia ushuru huu kuliko nyingine zote duniani. Waliuweka kwenye malighafi kabisa: kemikali inayotengenezea poliesta, inayoitwa PTA, na nyuzi za viskosi, zinazotengenezwa kwa miti, kutoka China na Indonesia. Waliolindwa walikuwa viwanda vichache vikubwa vinavyotengeneza malighafi hiyo. Walioumia walikuwa maelfu ya wasokotaji, wafumaji na washonaji wa chini, ambao walinunua malighafi kwa bei ya juu kuliko washindani wao wa nje, halafu wakaambiwa washindane. Februari 2020 Waziri wa Fedha Nirmala Sitharaman aliufuta ushuru wa PTA kwenye hotuba ya bajeti, akisema ni kwa maslahi ya umma. Agosti 2021 wa viskosi nao ukaondolewa. Kulinda nguo kwa kutoza uzi ni sawa na kukata kipande cha mgongo ili upate kitambaa cha mfuko.

Hapa kwetu hatari hiyo ipo. Pamba inalimwa Simiyu, Shinyanga, Mwanza na kwingineko kanda ya ziwa, ikichambuliwa sehemu kubwa inasafirishwa nje ikiwa bado pamba. Uzi unaosokotwa hapa hautoshi. Kiwanda cha kuchapa kikikosa kitambaa cheupe cha ndani kitaagiza, na rangi za kuchapia ni za kuagiza. Ukiviwekea hivyo ushuru mzito kwa jina la kulinda viwanda, kitenge changu cha 19,500 kitapanda, na cha meli kitakaa palepale kikisubiri wateja. Bunge limewahi kuweka VAT ya asilimia sifuri, kwa mwaka mmoja mmoja, kwa nguo zinazotengenezwa hapa kwa pamba ya hapa. Huo ni msaada unaoonekana dukani. Ungekuwa wa miaka mitano mfululizo, mwenye kiwanda angethubutu kununua mashine. Nani anakopa benki kwa ahadi ya mwaka mmoja?

Jambo lingine ni mipaka. Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Jumuiya ilisainiwa Arusha Machi 2004 na kuanza Januari 2005, na ndani yake ipo ibara ya kuzuia umwagaji wa bidhaa pamoja na kamati ya kushughulikia hatua hizo. Kenya wametunga sheria yao ya mwaka 2017 na kuanzisha wakala wa kazi hiyo. Tanzania tukitoza peke yetu, jora litashukia Mombasa na kuingia kwa Horohoro au Namanga, na atakayenufaika ni mwenye lori. Lazima iwe hatua ya Jumuiya nzima au isiwe kabisa.

Wenye viwanda wa hapa nao nina la kuwaambia, na nalisema kwa sababu nawatakia mema. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China, na mama yangu alivaa khanga zake mpaka zikawa nepi za wajukuu zikiwa bado na maua. Ubora huo tunaujua, tunaweza kuudai. Leo nikipewa oda ya sare za watu arobaini, tatizo langu la kwanza kwa kitenge cha ndani ni majora kutofanana. Jora la juzi nyekundu yake imeiva, la wiki hii imekaa kama tofali. Waalikwa wa sendofu wakisimama pamoja kwenye picha unaona makundi mawili. Tatizo la pili ni michoro: duka nililoenda lilikuwa na michoro mingi ya meli kwa kila mmoja wa ndani, na mabinti wanaotaka mshono wa kisasa hawavutiwi na ile ile ya miaka yote. Tatizo la tatu ni kupatikana. Ukiupenda mchoro, ununue wote siku hiyo, ukirudi haupo.

Kama ushuru utawapa miaka mitano ya kupumua, mambo haya matatu ndiyo ya kushughulikia. Wafungue na vitabu vyao vya hesabu pia, maana bila takwimu za uzalishaji na hasara hakuna uchunguzi unaoweza kusimama, na kulalamika kwenye mikutano hakuhesabiwi kama ushahidi.

Ninawafikiria pia akina mama wenye meza za vitenge Kariakoo, wanaochukua vipande kwa mali kauli asubuhi na kurudisha hesabu jioni. Hao cha meli ndicho kinachowalisha. Ushuru ukija ghafla Julai mosi, mtaji wao unakatika palepale. Uchunguzi unaotangazwa, wenye muda na viwango vinavyojulikana, unawapa nafasi ya kuhamia kwenye bidhaa nyingine. Naupendelea uchunguzi kuliko amri kwa sababu hiyo hasa.

Kwa anayekwenda kununua wikendi hii: beba tepu yako, pima mbele ya muuzaji. Geuza kitambaa uone upande wa nyuma. Omba uzi mmoja wa ukingoni na ukauchome nje, si dukani. Usitegemee maandishi ya pindoni. Kwa sare, nunua yadi zote kutoka jora moja au majora yaliyofunguliwa siku moja, na uyalinganishe juani. Kitenge cha ndani cha pamba uliza kati ya 18,000 na 21,000 kwa yadi 6. Akikuambia 12,000 na akasisitiza ni pamba, mshukuru, endelea na safari. Chukua nusu yadi ya ziada kwa ajili ya kusinyaa.

Nami kwa oda za Desemba, anayeniletea pamba ya ndani namlowekea na kumpigia pasi kabla ya kukata, bila nyongeza ya bei. Anayeleta cha meli namshonea vizuri vilevile, ila namwandikia kwenye daftari, naye anasaini, kwamba kitambaa ni poliesta na rangi yake haina dhamana yangu.